Kodi ya kamari si cheti cha usafi: kwa nini mfanyabiashara wa mpakani aijali sheria ya fedha haramu

Kati ya Februari 2020 na Februari 2024, nchi tano za ukanda huu ziliwekwa katika orodha ya kijivu ya Kikosi Kazi cha Kimataifa cha Kudhibiti Fedha Haramu, FATF. Uganda iliingia Februari 2020 na kutoka Februari 2024. Sudan Kusini iliingia Juni 2021. Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ziliingia pamoja Oktoba 2022, na Tanzania ikatoka Juni 2025. Kenya iliingia Februari 2024.

Kwa mwenye lori anayesubiri zamu Tunduma, au mwenye duka la vipuri Busia, habari hizo zilisikika kama mambo ya mabenki na wizara za fedha. Hata hivyo, gharama yake humfikia. Nchi ikishatajwa, benki za nje huyatazama malipo yanayotoka huko kwa jicho la shaka. Fedha zilizotumwa kwa TT hukaa njiani siku zaidi, ankara huombwa mara mbili, na mwenye mzigo bandarini huendelea kuhesabiwa gharama za hifadhi.

FATF yenyewe haiziagizi nchi nyingine ziwabane zaidi wateja wa nchi iliyo katika orodha ya kijivu. Umoja wa Ulaya ndio unaoongeza uzito. Una orodha yake ya nchi zenye hatari kubwa, na benki za Ulaya zinalazimika kisheria kuchunguza zaidi miamala inayohusu nchi hizo. Orodha hiyo huifuata ile ya FATF kwa kuchelewa. Uganda, iliyoachiwa na FATF Februari 2024, iliondolewa na Umoja wa Ulaya mwaka 2025, mwaka huohuo Kenya ilipoongezwa. Kwa maneno mengine, nchi inaweza kuwa imeshatangaza ushindi nyumbani huku muuza maua au muuza kahawa wake akiendelea kuulizwa maswali Ulaya.

Miongoni mwa mambo ambayo Tanzania na Kenya zilitakiwa kurekebisha ni usimamizi wa biashara zisizo za kibenki ambazo fedha haramu hupenda kupitia. Kundi hilo lina mawakala wa nyumba na viwanja, wauza madini na vito, mawakili, wahasibu na kasino. Si haki kuibebesha kamari mzigo wote. Lakini ndiyo sekta ambayo serikali nyingi huiangalia kwa jicho moja tu, la kodi, na hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Nyayo zilizoishia Manila

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Ufilipino. Februari 2016, wezi wa mtandao waliingia katika mfumo wa Benki Kuu ya Bangladesh wakatuma maagizo 35 ya malipo, yenye thamani inayokaribia dola bilioni 1, kwa Benki ya Hifadhi ya Shirikisho ya New York ambako Bangladesh ilikuwa na akaunti. Mengi yalizuiwa. Agizo moja la dola milioni 20, lililokuwa likielekea Sri Lanka, lilikwama baada ya jina la mpokeaji kuandikwa kwa makosa.

Maagizo manne yalipita. Jumla ya dola milioni 81 zilifika katika tawi moja la benki ya RCBC jijini Manila, kwenye akaunti zilizofunguliwa Mei 2015 kwa majina bandia, kila moja ikiwa na dola 500 tu. Bangladesh ilipogundua wizi na kutuma ujumbe wa kusimamisha malipo, Ufilipino ilikuwa katika sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina na benki zilikuwa zimefungwa.

Baada ya hapo fedha hizo zilipitia kampuni ya kutuma fedha, zikabadilishwa kuwa peso, na sehemu kubwa ikaingia katika kasino na mikononi mwa mawakala wanaowaleta wachezaji matajiri kutoka nje. Wachunguzi walipofika mlango wa kasino, nyayo ziliishia pale. Fedha zilikuwa zimegeuka chipu, vile vibao vya plastiki vinavyotumika mezani badala ya noti, na chipu haina jina la mtu. Kiasi kilichorudishwa Bangladesh kabla ya mwisho wa mwaka 2016 kilikuwa takriban dola milioni 15.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kasino hizo zilikuwa na leseni na zilikuwa zikiiingizia serikali mapato. Kilichokosekana ni wajibu wa kuuliza. Sheria ya Ufilipino ya kuzuia utakatishaji fedha ya mwaka 2001 haikuzigusa kasino, na hata ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2013 ziliachwa nje. Ziliingizwa Julai 2017, wizi ukiwa umeshafanyika, kwa masharti ya kutoa taarifa za miamala ya fedha taslimu inayozidi peso milioni 5. Meneja wa tawi la benki alitiwa hatiani Januari 2019. Ufilipino nayo iliingia orodha ya kijivu Juni 2021 na kutoka Februari 2025, na miongoni mwa mambo iliyotakiwa kushughulikia ni wale mawakala wa wachezaji wa kasino.

Tiketi inavyogeuka hati

Hapa kwetu kasino za meza ni chache, lakini maduka ya kubeti yako kila stendi na kila mji wa mpakani, na simu imemfikisha mchezaji hata pale duka lisipofika. Njia za kutakatisha fedha ni zilezile, kwa ukubwa tofauti.

Ya kwanza ni kuingia na kutoka. Mtu anaweka fedha nyingi katika akaunti ya mchezo au ananunua chipu, anacheza kidogo, kisha anaomba alipwe kwa benki au kwa simu. Akiulizwa fedha zimetoka wapi, anajibu kuwa alishinda.

Ya pili ni kubeti pande zote. Chukulia mechi ya tenisi isiyo na sare, ambapo kila mchezaji amepewa odi ya 1.90. Mtu mwenye shilingi milioni 20 anaweka milioni 10 kwa huyu na milioni 10 kwa yule. Yeyote atakayeshinda, analipwa milioni 19 kabla ya kodi. Amepoteza asilimia 5. Kwa mfanyabiashara halali asilimia 5 ni faida nzima ya safari. Kwa mwenye fedha chafu ni bei ya sabuni.

Ya tatu ni kununua tiketi iliyoshinda. Mshindi wa kweli analipwa taslimu zaidi ya alichoshinda na anamwachia mwingine tiketi. Mnunuzi anakwenda dirishani na kupokea malipo yenye risiti.

Ya nne ndiyo hatari zaidi, nayo ni pale mwenye duka anapokuwa yeye mwenyewe mwenye fedha chafu. Wateja 50 wanaandikwa kuwa 500. Mauzo hewa yanajazwa fedha za magendo au rushwa, kodi inalipwa bila kuchelewa, na mwisho wa mwaka hesabu zinapendeza. Mkaguzi wa kodi hana sababu ya kulalamika, kwani yeye hutafuta aliyepunguza mauzo. Aliyezidisha haonekani.

Hapo ndipo kodi inapogeuka cheti cha usafi. Risiti inaonyesha kuwa serikali imepata chake. Chanzo cha fedha ni swali jingine kabisa, nalo lisipoulizwa dukani, wa kuliuliza baadaye atakuwa benki ya nje, tena mbele ya mzigo wa mtu mwingine.

Kodi kwanza, chanzo baadaye

Historia ya karibuni ya ukanda huu inaonyesha mpangilio huohuo. Tanzania ilipata Sheria ya Michezo ya Kubahatisha mwaka 2003, iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na Sheria ya Kudhibiti Fedha Haramu mwaka 2006. Mwaka 2017 ukusanyaji wa kodi za michezo hiyo ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato, TRA. Mjadala wa kila bajeti umekuwa juu ya viwango, yaani mshindi akatwe kiasi gani na mwendeshaji alipe kiasi gani.

Kenya ilikwenda kwa kishindo zaidi. Mei 2019 iliwafukuza nchini wakurugenzi 17 wa kigeni wa kampuni za kubeti. Julai mwaka huo, kampuni 27 zilinyimwa kuhuishiwa leseni, na msimamizi wa sekta akaitaka Safaricom kuzifunga namba zao za malipo za M-Pesa. Ugomvi mkubwa ulikuwa wa kodi. Lakini tukio hilo lilifundisha jambo jingine, kwamba serikali inaposhirikiana na kampuni ya simu, inaweza kufunga bomba la fedha za kamari kwa barua moja. Uwezo huohuo ungeweza kutumika kuangalia ni nani anaingiza nini na anatoa nini. Agosti 2025 Kenya ilipata sheria mpya ya udhibiti wa kamari, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1966 na kuunda mamlaka mpya. Kipimo chake, kwa msomaji wa ukurasa huu, kitakuwa kama mamlaka hiyo itauliza chanzo cha fedha kwa bidii ileile ya kuuliza kodi.

Uganda ina Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2016, na Sheria yake ya Kuzuia Utakatishaji Fedha ya mwaka 2013 inazitaja kasino, zikiwemo za intaneti, kuwa zinawajibika kutoa taarifa.

Kuna pengo moja ambalo wengi hawalioni. Viwango vya FATF vinazungumzia kasino, zikiwemo za intaneti na za melini. Maduka ya kubeti mechi hayatajwi kwa jina, na kila nchi imeachiwa kupima hatari yake. Kwa Ulaya yenye kasino kubwa huenda hilo likatosha. Kwa Afrika Mashariki, ambako mkeka wa mpira unachezwa kwenye simu, nchi ikibana kasino chache za mjini na kuliacha duka la kubeti la mpakani, itakuwa imefunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Mwendeshaji anatakiwa kufanya nini

Masharti yenyewe si mengi. Kwanza ni kumjua mteja. FATF inataka kasino imtambue na kumthibitisha mteja anayefanya muamala wa kifedha wa dola 3,000 au zaidi. Anayecheza miamala midogo midogo inayofungamana, ili kila mmoja ubaki chini ya kiwango, naye anahesabiwa kuwa amefikia.

Pili ni kuuliza chanzo cha fedha pale kiasi kisipolingana na mtu. Kijana wa bodaboda anayebeti shilingi 1,000 kila Jumamosi hahitaji kuhojiwa. Akibeti milioni 5 kwa siku tatu mfululizo, anahitaji.

Tatu ni kutoa taarifa bila kuchelewa kwa kitengo cha taifa cha kudhibiti fedha haramu kuhusu muamala unaotia shaka, na kutomdokeza mteja kuwa ameripotiwa. Nne ni kutunza kumbukumbu kwa miaka isiyopungua mitano. Tano, ambalo ni la serikali zaidi, ni kumjua mmiliki manufaa, yaani mtu halisi anayekula faida ya kampuni. Lazima ahakikishwe kuwa si mhalifu aliyejificha nyuma ya majina ya ndugu.

Penye usimamizi mkali, kupuuza kuna gharama. Machi 2023, kampuni za William Hill nchini Uingereza zilitakiwa kulipa pauni milioni 19.2 kwa kasoro za kulinda wachezaji na kuzuia fedha haramu. Mteja mmoja aliruhusiwa kufungua akaunti na kutumia pauni 23,000 ndani ya dakika 20 bila kuulizwa. Mwaka huohuo mahakama ya Australia iliidhinisha faini ya dola za huko milioni 450 dhidi ya kampuni ya kasino ya Crown. Faini za namna hiyo humfanya mwendeshaji aone kwamba kuajiri ofisa wa kukagua miamala ni nafuu kuliko kutokuwa naye.

Fedha za kamari ndani ya malipo ya mzigo

Hadi hapa mfanyabiashara anaweza kusema kuwa yeye habeti, hivyo hayamhusu. Mkasa wa Kanada unaonyesha vinginevyo.

Jijini Vancouver, wachezaji matajiri wenye fedha zao China walikuwa hawawezi kuzitoa kwa wingi kwa sababu ya ukomo wa serikali yao wa dola 50,000 kwa mtu kwa mwaka. Wakopeshaji wa mitaani waliwapa mifuko iliyojaa noti za dola 20, nyingi zikishukiwa kuwa za dawa za kulevya. Mchezaji alilipa deni kwa kuhamisha fedha kutoka akaunti moja ya China kwenda nyingine, China hukohuko. Hakuna noti iliyovuka mpaka, ila thamani ilivuka. Kuanzia Januari 2018, jimbo la British Columbia lilitaka kila anayeleta dola 10,000 za Kanada au zaidi aonyeshe risiti ya zilikotoka. Mifuko ya noti ikapungua sana. Tume ya uchunguzi ya jimbo hilo, iliyotoa ripoti Juni 2022, ilieleza mfumo huo kwa kina.

Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo, Gikomba na Kampala wataitambua njia hiyo, kwani ndiyo njia ya wakala asiye rasmi. Mtu anatoa shilingi hapa, mshirika wa wakala analipa yuan Guangzhou, na mzigo unapakiwa. Ni haraka, na pengine nafuu kuliko benki. Wengi wa mawakala hao si wahalifu. Lakini mnunuzi hajui yuan zilizomlipa msambazaji wake zimetoka wapi. Zinaweza kuwa za muuza nguo mwenzake, na zinaweza kuwa za mtandao wa kamari haramu.

Wauzaji wa mji wa Yiwu, ambao bidhaa zake zimejaa katika masoko ya ukanda huu, wameonja matokeo yake. Msako wa polisi wa China dhidi ya utapeli wa simu na kamari ya kuvuka mipaka umewahi kufanya akaunti za wauzaji wengi zifungiwe baada ya kupokea malipo kupitia njia za pembeni. Akaunti ya msambazaji ikifungiwa, mnunuzi wa Afrika hubaki bila mzigo na bila hati ya benki ya kuonyesha kuwa alilipa. Kesi ya kamari ni ya watu asiowajua. Hasara ni yake.

Barabarani nako kuna mitego. Dereva anayeombwa kuvusha bahasha ya "ndugu" anabeba kitu ambacho sheria inamtaka aliyekibeba akitolee tamko. Nchini Tanzania, kwa kanuni za mwaka 2016, anayevuka mpaka na fedha taslimu zenye thamani ya dola 10,000 au zaidi lazima atoe tamko forodhani. Kubeba fedha hizo si kosa; kosa ni kunyamaza. Utingo anayeazimisha kitambulisho ili mtu afungue laini ya simu au akaunti ya kubeti anaazimisha jina lake, na siku ya kuulizwa atatafutwa yeye. Wakala wa fedha kwa simu anayeona mteja mmoja akitoa ushindi kila siku kwa laini tofauti anapaswa kuhoji kabla floti yake haijawa sehemu ya ushahidi.

Kwa mwenye kampuni ya usafirishaji, kanuni ni nyepesi. Malipo ya mzigo yatoke kwa yule aliye katika ankara. Yakitoka kwa mtu wa tatu, pawe na barua inayoeleza sababu. Akaunti ya kampuni isiazimwe kupitishia fedha za rafiki, hata kwa saa moja. Na mtu anayetaka kununua hisa katika malori kwa fedha za "ushindi" aonyeshe zaidi ya risiti ya duka la kubeti.

Hoja ya upande wa pili

Waendeshaji wenye leseni wana lalamiko la msingi. Wakimbana mteja kwa vitambulisho na maswali, anahamia tovuti zisizo na leseni au mashine za uchochoroni, ambako hakuna kodi wala taarifa. Sheria inayomwangukia mwenye leseni pekee inamwadhibu aliyejitokeza.

Ni kweli, lakini jibu si kulegeza. Jibu ni kuzifungia njia za malipo kampuni zisizo na leseni, jambo ambalo Kenya ilionyesha mwaka 2019 kuwa linawezekana, na kuweka masharti kwa kadiri ya hatari ili mchezaji wa shilingi 1,000 asisumbuliwe.

Tatizo gumu zaidi ni la mpakani penyewe. Leseni ni ya nchi moja moja, ilhali Namanga, Busia na Tunduma ni miji inayotazamana na majirani zake hatua chache tu. Aliyekataliwa dukani upande huu anavuka kwa miguu na kucheza upande wa pili kwa jina lilelile. Bidhaa sasa zinakaguliwa mara moja katika vituo vya pamoja vya forodha. Ingefaa wasimamizi wa kamari nao wapeane orodha za wamiliki walionyimwa leseni na za wateja wanaotiliwa shaka, badala ya kila mmoja kuanza upya.

Tanzania na Uganda zimeshatoka katika orodha ya kijivu, lakini kutoka si kinga. Nchi zote mbili ziliwahi kuorodheshwa na kuondolewa katika muongo uliotangulia, kisha zikarudi. Tathmini huja tena, na wakaguzi hawatauliza kamari imeingiza kodi kiasi gani. Watauliza ni taarifa ngapi za miamala ya kutia shaka zilitoka katika sekta hiyo, ni leseni ngapi zilinyimwa kwa sababu ya mmiliki, na ni faini gani zilitozwa. Majibu yakiwa hafifu, duka la kubeti litafungua kesho yake kama kawaida. Atakayesubiri TT yake ifike ni mwenye mzigo bandarini.